Wabia wa kituo cha eksrei wanapokosana: Sheria inasemaje?

SHAMBA la majani chai likigombaniwa na ndugu wawili, mpimaji wa ardhi huweza kuligawa na kila mmoja akachuma upande wake. Mashine ya eksrei haigawanyiki. Leseni ya kuitumia haigawanyiki, wala kabati la picha na ripoti za wagonjwa. Hii ndiyo sababu mizozo baina ya wabia wenye vituo vya kupiga picha za ndani ya mwili huwa migumu kutatua, na aghalabu huishia katika mojawapo ya mambo mawili: mbia mmoja amnunue mwenzake, au kila kitu kiuzwe.

Anayeumia kwanza ni mgonjwa. Merigi ni wadi iliyo katika eneobunge la Bomet Mashariki, Kaunti ya Bomet. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Longisa, na upande wa mji wa Bomet iko Hospitali ya Tenwek iliyoasisiwa na wamishonari mwaka 1937. Kituo kidogo cha kibinafsi kijijini kinapofungwa kwa ugomvi wa wenyewe, mama mjamzito aliyeagizwa ultrasaundi au mchumaji chai aliyevunjika mkono hulazimika kutafuta nauli ya bodaboda na matatu kufuata huduma iliyokuwa karibu naye.

Makala haya yanaeleza jinsi mizozo hiyo inavyozuka, sheria za Kenya zinavyoitazama, na mambo ambayo wabia wanapaswa kuyaandika kabla ya kununua hata waya mmoja.

Ubia au kampuni?

Swali la kwanza ambalo wakili humuuliza mteja wake ni hili: biashara yenu ni ya aina gani? Wengi hujibu kwamba "tumesajili". Kumbe walichosajili ni jina la biashara tu. Usajili wa jina huonyesha nani wanatumia jina hilo; hausemi nani alitoa kiasi gani, nani atapata nini, wala nani ataondoka vipi.

Watu wawili au zaidi wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida, bila kuunda kampuni, huhesabiwa kuwa wabia hata kama hawana karatasi. Uhusiano huo unaongozwa na Sheria ya Ubia ya mwaka 2012, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1890. Katika ubia wa kawaida, kila mbia hubeba madeni ya biashara kwa mali yake mwenyewe. Muuzaji wa mashine asipolipwa anaweza kufuata ng'ombe na shamba la mbia ambaye hakuwahi hata kuingia chumba cha eksrei.

Kampuni ni kitu kingine. Tangu uamuzi wa kesi ya Salomon uliotolewa na Bunge la Malord la Uingereza mwaka 1896, kampuni huchukuliwa kuwa mtu wa kisheria aliye tofauti na wenye hisa. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, mashine iliyonunuliwa kwa jina la kampuni ni mali ya kampuni. Mwenye hisa nusu hana nusu ya mashine. Ana nusu ya hisa. Kwa hivyo, anayebeba kifaa usiku kwa madai kwamba "nilikilipia mimi" anaweza kujikuta akijibu mashtaka ya wizi.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu: ubia ambao dhima ya wabia ina kikomo, ulioruhusiwa na sheria ya mwaka 2011. Huo husajiliwa na huwa na nafsi yake kisheria kama kampuni, ilhali wabia huendelea kupanga mambo yao kwa mkataba.

Ugomvi huanzia wapi

Kituo cha picha huwakutanisha watu wenye vitu tofauti. Mmoja ana fedha, pengine za bonasi ya majani chai au mkopo wa chama cha akiba. Wa pili ana taaluma: ni mtaalamu wa eksrei au daktari bingwa wa kusoma picha. Wa tatu ana jengo karibu na barabara. Mwanzoni kila mmoja huona mchango wa mwenzake. Miaka miwili baadaye mwenye fedha husema mashine ndiyo biashara, na mwenye taaluma husema mashine bila mtu wa kuitumia ni chuma tu.

Chanzo cha pili ni mapato. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, malipo mengi ya vituo vidogo hupitia simu. Nambari ya kupokea malipo ikiwa imesajiliwa kwa jina la mbia mmoja, wenzake hubaki wakiomba taarifa za fedha zao wenyewe. Jambo hili likifika mahakamani, taarifa za kielektroniki hukubaliwa kuwa ushahidi, lakini Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hudai ziandamane na cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa. Picha ya skrini ya simu pekee inaweza kupingwa.

Chanzo cha tatu ni fedha ambazo bado hazijaingia. Kituo kinachohudumia wagonjwa wenye bima huweza kuwa na faida katika vitabu huku sanduku likiwa tupu. Hazina ya NHIF ilipoachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024, vituo vingi vilibaki vikidai malipo ya miaka iliyotangulia. Mbia anayeondoka leo ana haki ya sehemu ya deni hilo? Mkataba ukinyamaza, hilo pekee linatosha kuzaa kesi.

Chanzo cha nne husemwa kwa sauti ya chini: kamisheni kwa wahudumu wa afya wanaoelekeza wagonjwa katika kituo. Maadili ya udaktari yanakataza kugawana ada kwa namna hiyo. Mbia anayekwenda mahakamani kudai sehemu yake ya mapato ya mpango uliokatazwa asitarajie kusaidiwa, kwani mahakama hazitekelezi makubaliano yaliyo kinyume cha sheria.

Leseni haimfuati mwenye nguvu

Katika biashara nyingi, mbia anayebadilisha kufuli ndiye anayebaki na duka. Katika biashara ya eksrei, ufunguo hautoshi.

Eksrei na CT-skani hutumia mionzi inayoweza kudhuru mwili isipodhibitiwa. Kwa sababu hiyo, kumiliki, kutumia, kuhamisha au kuondoa mashine hizo huhitaji idhini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za bodi ya kukinga watu dhidi ya mionzi iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1982. Ultrasaundi na MRI hazitoi mionzi ya aina hiyo, lakini kituo chenyewe bado huhitaji leseni ya afya, na wanaofanya kazi humo wawe wamesajiliwa katika taaluma zao.

Tuseme leseni imetolewa kwa kampuni, na aliyetajwa kusimamia usalama wa mionzi ni yule mbia mtaalamu. Akifukuzwa asubuhi, mwenye fedha hawezi kuwasha mashine mchana akitumia kijana aliyejifunza kwa kutazama. Hali kadhalika, mtaalamu hawezi kuipakia mashine kwenye lori na kuifungua tena Longisa wiki ijayo. Chumba kipya sharti kikaguliwe na idhini mpya itolewe. Anayepuuza hayo huugeuza mzozo wa kibiashara kuwa kosa la jinai.

Rekodi za wagonjwa zina ulinzi wake. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri ya mgonjwa, nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Mbia anayenakili picha na nambari za simu za wagonjwa ili awaite katika kituo chake kipya anaweza kushtakiwa na wenzake na pia kulalamikiwa na wagonjwa wenyewe kwa Kamishna wa Data. Busara ni rekodi zibaki mahali pamoja, na kila mgonjwa anayeomba nakala ya picha yake apewe, hata kama wenye kituo hawasemezani.

Mwaminifu kwa mwenzake

Sheria ya ubia imejengwa juu ya uaminifu. Mbia hutakiwa kuwapa wenzake hesabu za kweli, kutopata faida ya siri kutokana na biashara yao, na kutoshindana nao kichinichini.

Kesi inayotajwa sana katika mafunzo ya sheria ni ya New York, Meinhard dhidi ya Salmon, iliyoamuliwa mwaka 1928. Salmon alikuwa amekodi hoteli kwa miaka 20 kuanzia 1902, na Meinhard alichangia fedha. Muda ulipokaribia kwisha, Salmon alijipatia mkataba mpya mkubwa zaidi peke yake bila kumwambia mwenzake. Mahakama ilisema fursa ile ilitokana na biashara yao ya pamoja, hivyo Meinhard alistahili sehemu. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini hali yenyewe si ngeni: mbia anayefanya mazungumzo ya siri na mwenye jengo, au anayetia sahihi mkataba wa CT-skani kwa jina la mkewe, anafanya lile lile.

Kwa upande wa kampuni, kesi mashuhuri ni ya Ebrahimi dhidi ya Westbourne Galleries, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1972. Wafanyabiashara wawili wa mazulia waligeuza ubia wao kuwa kampuni mwaka 1958, kisha mtoto wa mmoja wao akaingizwa. Faida ililipwa kama mshahara wa wakurugenzi, si kama gawio. Mwaka 1969 baba na mwana walimpigia kura Ebrahimi na kumwondoa ukurugenzini. Akabaki na hisa zisizomletea chochote. Bunge la Malord lilisema kura hiyo ilikuwa halali kwa maandishi ya sheria, lakini ilikuwa haki na insafu kampuni ivunjwe, kwa kuwa ilijengwa juu ya kuaminiana na kushirikiana katika uendeshaji.

Kenya ina vifungu vinavyogusa hali kama hiyo. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Kampuni kinawaruhusu wanahisa kumwondoa mkurugenzi kwa kura ya kawaida. Kifungu cha 780 nacho kinampa mwanahisa anayeonewa ruhusa ya kwenda Mahakama Kuu, na cha 782 kinaiwezesha mahakama kutoa amri, ikiwemo ya kumlazimisha upande mmoja kununua hisa za mwingine. Pale kampuni yenyewe inapoibiwa na wakurugenzi wake, kifungu cha 238 na vinavyofuata huruhusu mwanahisa kuendesha kesi kwa niaba ya kampuni, mradi mahakama iridhie. Kuivunja kampuni kwa sababu ya haki na insafu ni hatua ya mwisho, na imo katika Sheria ya Ufilisi ya 2015.

Hesabu ya kuachana

Hapa ndipo wabia wengi hushangaa. Tuchukue mfano wa kubuni. Watu watatu wamefungua kituo Merigi kwa ubia wa kawaida usio na mkataba wa maandishi. Wa kwanza alitoa mtaji wa Sh800,000, wa pili Sh400,000, na wa tatu, mtaalamu wa eksrei, alileta ujuzi wake. Baadaye wa kwanza aliikopesha biashara Sh400,000. Biashara inadaiwa Sh1.4 milioni na watu wa nje.

Kanuni ya jadi ya ubia, pale ambapo hakuna makubaliano mengine, ni kwamba faida na hasara hugawanywa sawa, hata kama mitaji haikulingana. Biashara ikivunjwa, watu wa nje hulipwa kwanza, kisha mikopo ya wabia, kisha mitaji yao, na kinachobaki hugawanywa.

Mashine ikiuzwa Sh3 milioni na madeni ya wateja yakaleta Sh600,000, jumla ni Sh3.6 milioni. Toa Sh1.4 milioni za watu wa nje, toa mkopo wa Sh400,000, toa mitaji ya Sh1.2 milioni. Zinabaki Sh600,000, yaani Sh200,000 kwa kila mmoja. Mwenye ujuzi anaondoka na Sh200,000 ingawa hakuwahi kutoa mtaji.

Lakini mashine za picha hushuka thamani haraka. Tuseme imeuzwa Sh1.5 milioni tu. Jumla ni Sh2.1 milioni. Baada ya kulipa watu wa nje na mkopo, zinabaki Sh300,000 za kurudisha mtaji wa Sh1.2 milioni. Pengo ni Sh900,000, nalo hugawanywa sawa: hasara ya Sh300,000 kwa kila mbia. Wa kwanza atarudishiwa Sh500,000, wa pili Sh100,000, na mtaalamu aliyefanya kazi miaka yote atatakiwa kuleta Sh300,000 kutoka mfukoni. Sentensi moja katika mkataba ingeweza kumwepusha na hayo.

Mashine iliyonunuliwa kwa mkopo ina mwenyewe mwingine wa kuzingatiwa. Chini ya sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, benki husajili haki yake juu ya kifaa. Wabia wanaweza kukubaliana wanavyotaka, ila benki isiporidhia, mashine haiuzwi.

Kwa wazee, kwa msuluhishi, au mahakamani?

Katiba ya 2010, ibara ya 159, inahimiza upatanisho, usuluhishi na njia za kijadi za kutatua mizozo. Katika nchi ya Wakipsigis, baraza la majirani liitwalo kokwet limetuliza magomvi mengi ya mali. Wazee wanaweza kuwarudisha wabia mezani na kuwafanya waseme ukweli. Makubaliano yanayotokana na kikao hicho yaandikwe na kutiwa sahihi, kwa kuwa KNRA, benki na msajili wa kampuni hufuata karatasi.

Mkataba ukisema mizozo ipelekwe kwa msuluhishi, mbia aliyeshtakiwa mahakamani anaweza kuomba kesi isimamishwe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Sharti aombe mapema, kabla ya kuanza kujibu madai yenyewe. Uamuzi wa msuluhishi hufunga pande zote, na anayetaka kuupinga ana miezi mitatu. Njia hii ina faida moja kubwa kwa biashara ya afya: husikizwa faraghani, na jina la kituo halichafuki.

Kesi ikifika mahakamani, ombi la kwanza huwa agizo la muda la kuzuia mashine isihamishwe au akaunti isiguswe. Kipimo kinachotumika ni kile cha kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973. Mwombaji aonyeshe kwamba kesi yake ina uzito, kwamba atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na jaji akiwa na shaka hupima upande upi utaumia zaidi. Hoja ya kwamba wagonjwa watakosa huduma inaweza kuwa na uzito katika kipimo hicho cha tatu.

Madai yanayotokana na mkataba yana muda wa miaka sita. Mbia anayevumilia kwa miaka minane akitumaini mwenzake atabadilika anaweza kukuta sehemu ya madai yake imekufa. Deni mahususi lisilozidi Sh1 milioni linaweza kupelekwa katika mahakama ya madai madogo, lakini kesi ya kuchambua hesabu zote za ubia si ya huko.

Funzo la mashine za kukodi

Mzozo mkubwa zaidi wa mikataba ya vifaa vya picha nchini haukuwa wa watu binafsi. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali kwa miaka saba, na vifaa vya picha vikapelekwa katika hospitali 98. Kaunti zililalamika kwamba zinakatwa fedha kwa mkataba ambao hazikuujadili. Uchunguzi wa Seneti wa miaka ya 2019 na 2020 ulisikia kuhusu mashine zilizokaa bila kazi kwa kukosa wataalamu au umeme.

Tofauti ni ya ukubwa tu. Kaunti ilikuwa mbia anayelipa bila kuona mkataba. Mkulima wa Merigi anayetoa bonasi yake yote kwa kituo ambacho hajui mkataba wa mashine unasema nini yuko katika hali hiyo hiyo.

Mambo ya kuandika mapema

Mkataba mzuri wa kituo cha picha hauhitaji kurasa mia. Uandike mtaji wa kila mmoja na sehemu yake ya faida na hasara. Uandike thamani ya ujuzi: ni mshahara, ni hisa, au vyote viwili. Uonyeshe mashine imenunuliwa kwa jina la nani na leseni ziko kwa jina la nani. Useme mapato yote yaingie katika akaunti moja inayohitaji sahihi mbili, na kila mbia aone taarifa kila mwezi.

Uandike pia namna ya kuachana: nani atathmini mashine, madeni ya bima yahesabiwe vipi, anayebaki awe na siku ngapi kumlipa anayeondoka, na nini kitatokea mbia akifa na warithi wake wakawa hawana haja na biashara. Kifungu cha kumzuia anayeondoka asifungue kituo jirani kiwe na mipaka ya busara ya muda na eneo, kwa kuwa mahakama zina uwezo wa kukifuta kilichopita kiasi. Ikiwa ni kampuni, kila mwanahisa aombe mara kwa mara hati ya CR12 kutoka kwa msajili, ahakikishe jina lake na idadi ya hisa zake havijabadilishwa.

Mwisho, mkataba utaje mtu atakayeendelea kuhudumia wagonjwa wakati wabia wanabishana, na atakayetunza rekodi. Mzozo waweza kuchukua miaka. Mgonjwa aliyeagizwa picha ya kifua leo anaihitaji leo.